Hali Yake ni Imara

Tarehe 9 Machi

Kwa Sista msimamizi wa wodi ya wagonjwa mahututi,

Barua hii naitia kwenye sanduku lenu la maoni, lile la kijani pale koridoni. Mlinzi amenicheka, anasema halifunguliwi kwa sababu ufunguo haujulikani uliko. Basi ukiisoma, ujue umepatikana.

Mimi ni mke wa yule fundi wa friji mliyemlaza kwa nimonia, kitanda cha pembeni karibu na dirisha. Mtaani wanamwita Baridi. Nyinyi hamkuwahi kumsikia akiongea, maana aliletwa kwenu ameshawekewa mpira kooni, lakini huyo alikuwa mtu wa maneno. Akija kukutengenezea friji anakuachia na habari za mtaa mzima.

Asubuhi ile aliyofariki, daktari wenu kijana, yule mwenye miwani, alinikuta nimeegemea ukuta nje ya wodi. Nikamuuliza, "Daktari, anaendeleaje?" Akasema, "Mama, hali yake ni imara." Nikamshukuru mpaka akaona haya. Nguo nilizovaa ndizo nilizokuja nazo tulipomleta. Nikasema, kama yuko imara, acha nikimbie nyumbani nijimwagie maji, nibadilishe nguo, nimwone na mama mkwe. Niliporudi nilikuta kitanda kimetandikwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nikimwambia mteja zipu hii ni imara, maana yake haing'oki. Nieleze, imara yenu nyinyi ni ipi?

Siandiki ili mtu afukuzwe kazi. Naandika kwa sababu mama mkwe, ninayeishi naye, hasemi na mimi. Nikimpelekea chakula anapokea sahani huku anatazama ukutani. Tangu mazishi amenitupia neno moja tu: "Ulimwacha mwanangu afe, ukaenda kuoga." Namwambia niliambiwa yuko imara. Anasema hakuna daktari duniani atakayemwita mtu imara, halafu mtu huyo afe kabla maji hayajamkauka mkewe mwilini.

Naomba mtu mmoja wa kwenu aje amwambie kwamba ni kweli niliambiwa. Sina ombi jingine.

Fundi cherehani, mke wa Baridi


Tarehe 23 Machi

Kuhusu: Maoni yako

Uongozi umepokea maoni yako na unatoa pole za dhati kwa msiba uliokupata. Kumbukumbu zilizopo zinaonyesha kuwa mgonjwa alipatiwa huduma zote stahiki kwa kuzingatia taratibu. Hospitali haina utaratibu wa watumishi kutembelea familia za wagonjwa. Tunathamini mchango wako katika kuboresha huduma zetu.

Muuguzi Msimamizi,
Wodi ya Wagonjwa Mahututi


Tarehe 2 Aprili

Sista,

Barua yako imefika. Niliirudia kuhakikisha kama kweli ni mimi niliyeandikiwa. Baridi angekuwepo angesema hii imetolewa kwenye friji, tena ile ya chini kabisa inayogandisha nyama.

Nilimsomea mama mkwe nikidhani itanisaidia. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Unaona? Hawakuandika kwamba walikwambia." Kisha akajifunika shuka. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, anataka twende kwa wakili. Nimemwambia angoje kwanza.

Lile la kuja nyumbani naliacha. Nijibu swali moja tu. Alikufa akiwa na nani? Kulikuwa na mtu karibu yake? Kuna aliyemshika mkono?

Na tafadhali, usinijibu kwa "stahiki".

Mke wa Baridi


Tarehe 11 Aprili

Dada yangu,

Barua ya kwanza niliandikiwa, mimi nikatia sahihi tu. Hii naiandika mwenyewe, kwenye meza ya jikoni kwangu. Mganga mkuu ameshanionya kwamba mambo yako niachane nayo, ndiyo maana naituma kwa mhudumu wetu wa usafi anayeishi mtaa wenu badala ya kuipitisha ofisini.

Kwanza nikujibu lile la imara. Sisi tunatazama namba kwenye mashine. Zikiwa hazipandi wala hazishuki, tunasema mgonjwa yuko imara. Anaweza kuwa anapumuliwa na mashine, moyo wake unasukumwa na dawa, figo zimegoma, na bado tukasema imara, kwa sababu tangu alfajiri namba hazijasogea. Tunaambiana hivyo wenyewe kwa wenyewe na tunaelewana. Yule daktari alikwambia neno la wodini akasahau kwamba wewe ni mtu wa nje. Hakukusudia kukudanganya. Lakini kila mmoja wetu pale ndani alijua kwamba Baridi haponi. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa hujui.

Sasa swali lako. Ningeweza kukuandikia kwamba alishikwa mkono. Nilishaiandika sentensi hiyo kwenye karatasi nyingine, na ilikaa vizuri sana. Nimeichana. Nilimwita nesi aliyekuwa zamu nikamuuliza, naye kanieleza hivi.

Presha ilishuka ghafla. Akaita, pazia likavutwa. Walikuwa watatu na wote walikuwa wakihangaika naye: mmoja kifuani, mmoja kwenye dawa, mwingine kwenye mashine. Hakuna aliyekuwa na mkono wa kumshika. Hali ilipokuwa mbaya kabisa, nesi akaambiwa aite familia. Akapiga namba iliyoandikwa kwenye faili. Simu ikalia pale pale, chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa nguo zake. Siku mnamleta iliandikwa namba yake mwenyewe, na sisi hatukuuliza nyingine. Ililia mpaka ikakata, wote wanaisikia.

Wenzake walipoondoka nesi alibaki naye. Alimfuta uso, akamwambia, "Pole, baba." Halafu akaenda kule tunakosafishia vyombo akalia, akanawa, akarudi kwa mgonjwa wa kitanda kinachofuata. Ni msichana hodari. Mashine ile anaijua kuliko mimi. Lakini hajawahi kufundishwa kukaa na mtu anayekufa, wala na watu wake. Nami sikufundishwa. Tulifundishwa kumhudumia maiti. Saa ile kabla hajawa maiti, tunakodolea macho mashine.

Nisamehe kwa niliyoyaandika, na kwa yale ya barua ya kwanza.

Sista


Tarehe 20 Mei

Sista,

Nimechelewa kujibu. Usidhani nimekasirika.

Nilipofika pale kwenye simu, nilicheka. Peke yangu, juu ya cherehani, mteja akanitazama kama nimerukwa na akili. Huyo ndiye Baridi mwenyewe. Simu yake haijawahi kulia mahali panapofaa. Ililia kwenye mazishi ya baba yake, na mlio alioweka ulikuwa wa jogoo. Nimecheka, kisha nimelia, kisha nikamaliza gauni la watu.

Shemeji aliniuliza umeandika nini. Nikamjibu, umeandika yaliyotokea. Mama mkwe bado sijamsomea. Hayo ya kifuani siwezi kumsomea mama aliyemzaa.

Mwambie yule nesi kwamba ile "Pole, baba" imenifikia. Mwenye miwani sina la kumwambia kwa sasa.

Mama Fundi


Tarehe 8 Juni

Mama Fundi,

Nesi nimemwambia. Aliomba kuisoma barua mwenyewe. Nikampa.

Nina habari na nina ombi. Tumepata mkufunzi. Ni muuguzi mstaafu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuita kuku, ambaye tangu astaafu anahudumia wagonjwa wanaofia majumbani. Mganga mkuu amekubali kwa sababu mama huyo alikuwa mwalimu wake zamani, na nadhani bado anamwogopa. Atatufundisha namna ya kuwa na mtu anayekufa: kumwondolea maumivu, kujua ni lini tuache kuhangaika na mashine, kuzungumza na ndugu zake.

Siku ya kwanza daktari wetu bingwa alikunja mikono akasema, "Kazi yetu hapa ni kuokoa. Ya kuzika ina wenyewe." Mama yule akamuuliza, "Na ambao hamkuweza kuwaokoa wiki hii ni wangapi?"

Kisha tukafanya mazoezi. Mtaalamu wa dawa za usingizi, baba mzima mwenye ndevu, akajifunga kitambaa kichwani akawa mke wa mgonjwa. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yule daktari wa miwani ndiye aliyetakiwa kumpa habari. Akasafisha koo, akasema, "Mama, tumempoteza." Mwenye ndevu akaruka kwenye kiti, "Mmempoteza wapi? Si nimewaachia kitandani? Mtafuteni!" Tukacheka tena. Halafu kicheko kikakatika chenyewe. Daktari akajaribu tena: "Ametutoka... Hali ilibadilika... Tulifanya kila linalowezekana..." Neno lenyewe likagoma kutoka. Tukajaribu wote kwa zamu. Dada, mimi ninayekuandikia hapa nilisema, "Amepumzika."

Mkufunzi akasema tunaigiza kwa sababu hatujawahi kukaa na mtu aliyeachwa nje ya mlango akatuambia ilikuwaje. Akauliza kama tunamjua yeyote. Ungekubali kuja? Utakaa na sisi kwenye chumba cha mikutano, si wodini. Huna haja ya kuigiza. Ni wewe tu.

Sista


Tarehe 15 Juni

Sista,

Siji. Mimi si sinema.

Mama Fundi


Tarehe 14 Julai

Sista,

Nilisema siji, na wewe hukunisukuma. Mlangoni uliponiona ulishtuka kuliko mimi. Shemeji aliniambia niende nikanase maneno kwenye simu kwa ajili ya wakili. Simu niliiacha nyumbani. Nilikuja kwa sababu nilitaka kuisikia sauti ile ile ikilisema neno lenyewe.

Uliponiuliza pale nje nimeonaje, nilikujibu "vizuri tu" nikaondoka. Nikuandikie sasa.

Mwenye miwani nilimtambua kabla hajainua uso. Ni mdogo, Sista! Mle koridoni nilimwona mtu mkubwa. Mkufunzi alipomwambia avute kiti akae mbele yangu, kiti kilikwaruza sakafu, akaniomba radhi kwa ajili ya kiti. Kisha akaniuliza kama niko tayari. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Akasema, kana kwamba tumerudi asubuhi ile, "Mama, mumeo anakufa. Dawa hazimsaidii tena. Inaweza kuwa leo. Usiende mbali."

Nyote mkanitazama kama watu wanaongoja glasi idondoke. Nikasema, "Naweza kukaa naye?" Akasema ndiyo. Nikauliza, "Ananisikia?" Akasema, "Sijui, mama. Zungumza naye kana kwamba anasikia." Basi. Sikupiga kelele. Kumbe kizaazaa mnachokiogopa ni hicho tu: mwanamke anauliza pa kukaa. Ningelia, ndiyo, ningelia sana, lakini ningelilia pale kitandani, mbele yake, na yeye angelalamika kwamba namlowanisha.

Nilichowaambia kuhusu pazia nakirudia kwa maandishi. Ni fupi. Mtu akisimama koridoni anaona miguu ya madaktari inavyokimbia, anakufa kwa hofu. Nileteeni kitambaa, nitaongeza pindo.

Sasa kuna jambo ambalo nadhani hulijui. Jumapili iliyofuata, mwenye miwani alikuja hapa nyumbani. Alikuja peke yake, ameuliza mtaani mpaka akafika. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele. Kijana akapiga magoti, akasema, "Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyemwambia mkweo kwamba mwanao yuko imara. Alikwenda kwa sababu yangu."

Mama akaendelea kuchambua. Nikadhani hakusikia. Baadaye akauliza, "Mama yako yupo?"

"Yupo."

"Anajua umekuja huku?"

"Hapana, mama."

"Mwambie. Na inuka hapo, utachafua suruali."

Akamkalisha, akaniita: "Mletee mgeni maji." Hilo lilikuwa neno la kwanza lisilo la lawama alilonisemesha tangu tuzike. Nilikwenda jikoni nikasahau nilichofuata, nikarudi na kisu.

Mama Fundi


Tarehe 3 Septemba

Dada,

Kweli sikujua. Nilimuuliza kijana akainamisha kichwa, akasema alitaka mafunzo yamkae. Sikumwambia mganga mkuu, nawe usimwambie.

Kitambaa cha pazia nimekitafuta, kinakuja. Viti vimeshapatikana: sasa kila kitanda kina kiti chake, na namba za ndugu tunachukua mbili tukizijaribu hapo hapo.

Usidhani mambo yamekuwa laini. Wiki iliyopita tulikuwa na mzee mmoja, dereva mstaafu, ubongo umevuja damu. Tuliwaita watoto wake chumba cha pembeni. Daktari wa miwani akawaambia vizuri kabisa, polepole, kama alivyokwambia wewe. Mtoto mkubwa akasimama akamshika kola: "Wewe ni Mungu? Nani kakwambia baba yangu anakufa?" Akamsukuma mpaka ukutani. Mlinzi akaja mbio. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema, "Jamani, tusubiri, hali inaweza kubadilika," ili tu atulie. Daktari akarekebisha miwani, akasema, "Nasikitika, kaka. Anakufa. Njooni mkae naye." Sikuamini masikio yangu.

Watoto wa kike waliingia. Yule mkubwa alikataa, akabaki kwenye maegesho ya magari. Nesi wetu, yule wako wa "Pole, baba", alimfuata nje mara kwa mara kumweleza kinachoendelea. Hakumbembeleza. Mara ya mwisho akamwambia, "Kaka, imebaki kidogo sana." Akaingia. Alimwahi baba yake. Hakutuaga wakati wa kuondoka wala hakutushukuru. Sijui kama anatuchukia. Mkufunzi anasema hilo nalo tujifunze kuishi nalo.

Bingwa bado amekunja mikono, lakini nimemwona ameketi kwenye kimojawapo cha viti vile, anamsikiliza mke wa mgonjwa. Nilipita kimya kimya nisimtishe.

Mama hajambo? Katika kile kikaratasi chako cha Agosti cha kuulizia kitambaa hukumtaja.

Mdogo wako,
Sista


Tarehe 21 Novemba

Mdogo wangu,

Sikumtaja kwa sababu nilikuwa sitaki kuandika. Mama anaumwa tangu Agosti. Sukari aliyokuwa nayo miaka yote imemla figo. Tulimpeleka hospitali, si kwenu, ile ya karibu. Wamesema kwa umri wake mashine ya kusafisha damu itamtesa bure, wametupa dawa za maumivu, turudi naye nyumbani. Mimi na shemeji tuliambiwa hivyo nje, mlangoni. Yeye hakuambiwa kitu.

Nyumba imejaa ndugu. Kila anayeingia anampigapiga mapajani: "Mama, unaonekana vizuri! Mama, mwaka ujao utacheza!" Anawatazama mmoja mmoja. Shemeji ndiye kinara. Amenikataza kabisa: "Shemeji, ukimwambia utamuua."

Leo mchana watu walipotoka alinishika kwenye gauni nikiwa namgeuza. Akasema, "Wewe. Nakufa?"

Sista, mimi niliyewafundisha nyinyi! Niliyewacheka kwa "amepumzika" yenu! Nilishapata jibu zuri kabisa la kumpa, kuhusu dawa mpya. Nikaketi kwanza. Nikamuuliza, "Mama, unataka nikwambie?"

"Ningekuuliza ili iweje?"

"Ndiyo, mama. Unakufa. Wamesema ni siku chache."

Akafumba macho. Nikadhani nimefanya kama shemeji alivyosema. Kisha akauliza, macho bado kayafumba, "Mbona wengine wanasema nitacheza?"

"Wanaogopa."

"Na wewe?"

"Naogopa pia."

"Haya," akasema. "Basi niletee chai. Tia sukari. Vijiko vizima, si kuninusisha."

Nilikuwa nakoroga shemeji alipotokea mlangoni. Akaona kopo la sukari, akapiga kelele: "Shemeji! Unafanya nini? Mama, usinywe, sukari hiyo itakuua!"

Mama akafungua jicho moja, akamtazama. Mimi nikamtazama mama. Yeye ndiye aliyeanza. Alicheka, Sista, kile kicheko cha Baridi cha kupiga chafya, na mimi nikafuata, na shemeji akasimama pale kinywa wazi mpaka maneno yake mwenyewe yakamfikia. Akakaa chini sakafuni akacheka huku analia. "Kumbe unajua," akamwambia. Mama akasema, "Ninyi ndio mlikuwa hamjui kama najua. Leta kikombe."

Alikunywa chote. Ametuambia nani apewe nini, na nani asikaribishwe hata akilia kutoka njia panda. Shemeji amekwenda kuwaita wadogo zake waje leo, si kesho.

Sasa amelala. Samahani kwa mwandiko, karatasi inateleza na herufi zinapanda na kushuka. Naandika kwa mkono mmoja. Huu mwingine ameushika yeye.

Dada yako